Kufuli kwenye Bustani ya Mama

Kericho mjini
Jumanne, 22 Aprili 2025

Esnah,

Nimeifungia namba yako kwenye simu yangu tangu jana, kwa hivyo usijisumbue kupiga. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sauti yako kwa sasa itanipandisha presha, na pia kwa sababu siku tutakapokaa mbele ya wazee nataka kila neno liwe na tarehe na sahihi. Barua hii nampa Jecinta Nyathira, kwa kuwa kila Jumanne na Ijumaa anakuja huko Kabianga kununua mboga za kuuza soko la hapa. Ukiwa na jibu, mpe yeye.

Jumapili ya Pasaka nilitoka hapa asubuhi na mkate, sukari na gauni nililomshonea mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliyoyakuta unayajua. Mama amesimama nje ya bustani yake, jembe mkononi, machozi yanamtiririka. Langoni kuna kufuli kubwa kama ya duka la vifaa vya ujenzi, na ufunguo unaning'inia shingoni mwako kama msalaba. Nikamuuliza, "Mama, nani amekufungia?" Akakuonyesha wewe kwa kidole. Akasema, "Huyu mwanamke ananinyima shamba langu."

Bustani hiyo, Esnah, Mama aliilima kabla wewe hujazaliwa. Ndiyo iliyonilisha mimi na kaka yangu Kipngetich, baba yetu alipofariki. Mboga zote, managu, saga, sukuma, malenge, zilitoka hapo nyuma ya nyumba, kati ya zizi na majani chai. Mvua ya mwezi wa tatu ikinyesha, hakuna mtu kijijini aliyemtangulia kupanda. Leo mvua imenyesha mwezi mzima, na yeye amefungiwa nje kama mbuzi.

Kaka yangu, mume wako, alipoenda Doha kulinda majumba ya watu alikuachia mama yake umtunze. Hakukuachia boma uwe mwenye boma.

Kufuli hiyo itoke kabla ya Jumamosi.

Nelvine Chepkemoi
Binti wa Tecla


Kabianga
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Nelvine,

Barua yako nimeisoma. Kufuli haitoki.

Mimi sina maneno mengi ya kuandika, sikusoma kama wewe. Lakini kwa vile unataka karatasi ya kuwaonyesha wazee, waonyeshe na hii.

Mwaka jana ulikuja hapa Krismasi na siku ya mazishi ya jirani. Mwaka huu umekuja Pasaka. Ulifika saa nne na nusu, ukaondoka saa tisa ili usinyeshewe. Ulikula kuku wangu, ukapiga picha na Mama akiwa na gauni jipya, ukanitukana mbele ya watoto wangu, ukaondoka. Hukumuuliza Mama analala vipi. Hukuingia chumbani kwake. Hukuuliza anakula nini. Uliona kufuli tu.

Unasema nimekuwa mwenye boma. Mwenye boma ndiye anayeamka kukamua, kupeleka majani chai kituoni, kumwosha mtu mzima mgongo? Basi ndiyo, ni mimi.

Mama anakula mboga kila siku, na mboga zinatoka kwenye bustani hiyo hiyo. Hakuna mtu anayemnyima chochote. Kwa nini nimefunga, hilo ni la nyumba hii. Wewe uliondoka hapa ukiwa msichana, una nyumba yako mjini na duka lako la sare za shule. Lifunge kwa kufuli unavyotaka, sitakuja kukuuliza.

Na usinitumie tena Jecinta akiwa na bahasha iliyofunguka. Watu wanasoma.

Esnah


Kericho mjini
Jumanne, 29 Aprili 2025

Esnah,

Bahasha nimeifunga kwa gundi. Sasa tuongee vizuri.

Ijumaa Jecinta aliponiletea jibu lako alikuwa na gunia la managu begani, mabichi, yamechumwa siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, bila kumfikiria mtu vibaya, "Managu mazuri haya umeyatoa wapi?" Akacheka, akasema, "Si ni ya kwenu, Nelvine. Ya Mama Tecla."

Kumbe! Ndiyo maana ufunguo unalala nao. Unamfungia mwanamke wa miaka sabini na minne nje ya bustani yake, halafu unauza mazao yake nyuma ya mgongo wake. Nimekaa dukani siku tatu sindano mkononi, nimeshindwa kushona hata kola moja. Nilidhani una roho mbaya tu. Sikujua ni wizi.

Unanihesabia siku nilizokuja. Sawa, sikuji mara nyingi, na hilo nitajibu kwa Mungu wangu. Lakini huwezi kutumia kutokuja kwangu kama ruhusa ya kumfanya mama yangu mfungwa. Watu wa kwenu huko Kisii kama ndivyo mnavyowatendea wakwe zenu, sisi huku hatujazoea.

Nimemweleza baba mdogo Nicholas. Amekasirika kuliko mimi. Jumamosi hii tunakuja pamoja na mzee wa kijiji. Ukiwa umefungua, tutakaa, tutaongea, tutakunywa chai. Usipofungua tutafungua wenyewe, na Mama ataondoka na mimi siku hiyo hiyo akakae mahali anapopendwa.

Nelvine


Kabianga
Ijumaa, 2 Mei 2025

Nelvine,

Umewataja watu wa kwetu. Hilo nimeliweka mahali, sitalisahau.

Lakini leo sitaki kugombana, nataka unisikie. Usije na Nicholas. Usije na mzee wa kijiji. Njoo peke yako, ukae siku tatu. Ulale chumba kimoja na Mama, uamke naye, ule naye. Siku ya tatu ukiniambia nitoe kufuli, nitakupa ufunguo mkononi na sitasema neno.

Usimchukue. Najua unafikiri naogopa kupoteza mboga. Fikiria unavyotaka, lakini usimchukue. Mama hajui mji. Ukimchukua kwa nguvu ya hasira yako kwangu, utakuwa umemwadhibu yeye.

Kuna jambo niliahidi kutolisema na sitalisema. Nakuomba tu uje ukae. Sijawahi kukuomba kitu tangu niolewe hapa, miaka kumi na moja.

Ukikataa, basi angalau uweke kufuli kwenye geti la nyumba yako.

Esnah


Kabianga
Jumanne, 6 Mei 2025

Nelvine,

Umefanya ulichotaka. Umevunja kufuli kwa nyundo ya Nicholas huku watoto wangu wakitazama. Mzee wa kijiji alipiga makofi. Mama naye alifurahi, aliingia bustanini akicheka kama msichana, nawe ukanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Halafu ukampandisha kwenye gari kabla hajamaliza hata tuta moja. Kama ni bustani uliyokuwa unamtetea, mbona hukumwacha ndani yake?

Cate wangu ana miaka minne. Alikimbia nyuma ya gari hadi kituo cha majani chai akimwita bibi yake, Kogo, Kogo. Nilimkuta amekaa kwenye matope.

Nilitaka kuacha tu, unyamaze huko nami ninyamaze huku. Lakini Mama hana kosa. Kwa hivyo soma haya hata kama unanichukia.

Dawa yake ya presha umeiacha dirishani. Jecinta anakuletea. Ni kidonge kimoja asubuhi. Mpe wewe mwenyewe mkononi, na umwone akimeza. Usimwachie karatasi nzima.

Maziwa lala anakunywa ya kwenye kibuyu, ya pakiti atayatema.

Sabuni ya unga, dawa ya mende, mafuta ya taa, jiki ya kufulia, kila kitu cha chupa, kiweke juu sana au kifungie. Gesi ifungwe pale kwenye mtungi ukitoka.

Asiachwe peke yake. Hata dakika kumi za kwenda dukani.

Najua utasoma orodha hii na kusema Esnah anamfanya Mama mtoto. Sema. Lakini fanya.

Esnah


Kericho mjini
Jumanne, 13 Mei 2025

Esnah,

Dawa nimepata. Orodha yako pia nimepata, na umeisema vizuri mwenyewe: unamfanya mama yangu mtoto mchanga.

Ukitaka kujua hali yake, Mama yuko sawa. Nimempa chumba kinachoangalia barabara. Nimemtafutia madebe matano, tumejaza udongo, tumepanda managu na dhania kwenye veranda. Anamwagilia asubuhi, mchana, jioni. Hata mvua ikinyesha anamwagilia. Majirani wanacheka, wanasema mama yako ana bidii.

Ni kweli amechoka kidogo. Ni kubadilisha mahali tu, mtu yeyote wa umri wake angechoka. Siku mbili hizi ananiita Tapkigen, jina la dada yake aliyekufa zamani. Jana wateja wakiwa dukani alinishika mkono akaniuliza, "Mama wa duka, gari la Kabianga linapita saa ngapi?" Nikacheka, nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Ndiyo najua, lakini gari linapita saa ngapi?"

Nataka uniambie ukweli. Ulimwambia nini juu yangu miaka yote hii hadi anaogopa nyumba yangu? Kwa nini kila akiamka anataka kujua kama Esnah amekamua? Mtu hawezi kumlilia aliyemfungia nje isipokuwa ametishwa. Nimesoma mambo hayo, kuna watu wanaofungwa hadi wanamzoea anayewafunga.

Chumba chake nimekiacha wazi, na geti langu halina kufuli. Mimi si wewe.

Nelvine


Kericho, hospitalini
Jumanne, 20 Mei 2025

Esnah,

Ulijua.

Alhamisi iliyopita nilishuka dukani kupokea vitambaa. Sikukaa hata nusu saa. Niliporudi juu, madebe yote matano yalikuwa yamemwagwa sakafuni na Mama hayupo. Viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Nilimtafuta stendi, sokoni, makanisani. Niliuliza kila dereva wa gari la Kabianga. Saa nane mvua ya mawe ikaanza, unajua ile ya kwetu inavyopiga mabati hadi watu hawasikilizani. Nilisimama chini ya paa la kinyozi nikitazama mawe yakirukaruka barabarani, na mama yangu yuko humo ndani, miguu mitupu, sijui ni wapi. Siku hiyo ilipita. Usingizi sikuuonja.

Ijumaa saa tano polisi wakanipigia. Alikuwa kwenye shamba kubwa la majani chai ng'ambo ya mji, kwenye kambi ya wafanyakazi. Aliingia kwenye kibustani nyuma ya nyumba moja, akawa anapalilia. Mwenye nyumba, mama mmoja anaitwa Obure, alimkuta hapo asubuhi, gauni limelowa hadi linamng'ang'ania mwilini, mikono imevimba. Akamwambia, "Mama, hapa si kwako, ingia ndani upate moto." Mama akamjibu, "Kwangu ni hapa. Ni wewe nisiyekujua." Ilibidi wanawake watatu wambebe. Alimwuma mmoja wao.

Ana nimonia mapafu yote mawili. Daktari aliniuliza, "Amekuwa hivi kwa muda gani? Kupotea kwa akili namna hii hakuanzi wiki mbili." Nilisimama mbele yake kama mpumbavu. Nilisema sijui. Binti yake wa kumzaa, sijui.

Lakini wewe ulijua. Ile orodha yako, gesi, chupa, geti, uliandika kila kitu isipokuwa sentensi moja. Ungeandika, "Nelvine, Mama ni mgonjwa wa akili ya uzee." Maneno hayo hayajai hata mstari. Ungeniokoa, ungemwokoa. Ulipendelea niaibike. Ulitaka nimchukue ili nishindwe, urudi useme nilikuambia.

Sitakusamehe hili. Lakini niambie lilianza lini. Daktari anataka kujua.

Nelvine


Kabianga
Ijumaa, 23 Mei 2025

Nelvine,

Jecinta alisimama hapa hadi nikamaliza kusoma. Nimetaka kupanda gari nije huko, lakini ng'ombe amezaa na watoto hawana mtu. Kwa hivyo nakuandikia, na leo nasema yote. Nilikuwa nimeapa. Kiapo kimekufa siku ulipovunja lango.

Mwambie daktari ilianza mwaka jana, mwezi wa sita au wa saba. Kwanza alikuwa anasahau chumvi, halafu anatia mara tatu. Akaanza kwenda kumwamsha baba yenu kwa chai. Mimi nilifikiri ni umri.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, sukuma zilipata wale wadudu wadogo weusi. Mimi nilikuwa kituoni na majani. Mama alichukua bomba, akachanganya dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, akanyunyizia bustani nzima. Mchana huo huo akachuma sukuma hizo, akapika, akamlisha Cate. Yeye mwenyewe hakula, alisahau kama amepika. Niliporudi nilimkuta mtoto wangu mlangoni, mate yanamtoka, amelegea kama kitambaa. Mama amemshika anasema, "Huyu mtoto ana usingizi." Tulikaa hospitali siku nne. Siku ya pili waliniambia nijiandae.

Alipona. Mungu ni mkubwa, alipona.

Tuliporudi nyumbani Mama alikuwa amekaa jikoni. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia kabisa, alijua alichofanya. Alinishika magoti, Nelvine. Mama yako, mimi niliyeolewa hapa, alinishika magoti. Akasema, "Nifungie hiyo bustani. Nifungie dawa. Hata nikikutukana, usinipe ufunguo." Halafu akasema, "Na Nelvine asijue. Akijua atanihamishia mjini, na mjini nitakufa." Nikamwahidi. Kipngetich pia nilimwambia mtoto aliumwa na tumbo, kwa sababu angekupigia simu siku hiyo hiyo.

Ndiyo kufuli yako hiyo. Mama ndiye aliyeomba.

Na nani alikuambia haingii bustanini? Kila siku saa tatu asubuhi, tukishakamua, nafungua, tunaingia pamoja. Mwaka huu tumepanda kama miaka yote. Tukitoka nafunga, na baada ya muda kidogo anasahau kama alikuwemo. Anachukua jembe, anasimama langoni, analia kwamba nimemnyima. Kila siku. Siku ile ya Pasaka tulikuwa tumetoka bustanini nusu saa kabla hujafika. Udongo ulikuwa bado mbichi kwenye viatu vyake. Uliangalia kidole chake, hukuangalia miguu.

Managu ya Jecinta, Mama ndiye anayeyauza, na mkononi mwake ndimo yanamotoka. Ameuziana na Jecinta miaka ishirini. Jecinta akiingia tu, Mama anamjua, anabishana naye bei, anamtania. Ni nusu saa kwa wiki ambayo namwona kama alivyokuwa. Ungemwuliza Jecinta swali moja zaidi angekuambia. Uliishia pale ulipopata ulichotaka.

Unasema nilitaka uaibike. Mimi nilikuandikia uje siku tatu. Nilikuomba. Ukaja na nyundo.

Wewe una hasira kwa sababu nilinyamaza. Mimi nina hasira kwa sababu kila siku tangu mwezi wa kwanza natukanwa na mtu ninayemwosha, na wewe ulimwamini yeye siku moja kuliko miaka yangu kumi na moja. Ukasema wizi. Ukawataja watu wa kwetu. Mtoto wangu nusura afe mikononi mwa mama yako, na sijamwinulia Mama sauti hata mara moja. Nionyeshe mtu wa kwenu aliyefanya hivyo.

Mwambie Mama ng'ombe amezaa jike.

Esnah


Kericho, hospitalini
Jumanne, 3 Juni 2025

Esnah,

Barua yako ya Ijumaa ile sikuijibu Jumanne iliyofuata. Jecinta alipita hapa hospitalini kuchukua jibu, nikamwambia sina kitu. Niliandika barua tatu nikazichana. Zote tatu zilikuwa za kujitetea.

Nimemwuliza Jecinta. Ameniambia kama ulivyosema, na ameniambia pia kwamba ulimwomba asije hospitalini kumwona Cate wakati ule ili habari zisifike kwangu. Nilikuita mwizi. Hukuwa mwizi. Neno nililosema juu ya watu wa kwenu nililisema ili likuume, na ninajua liliuma. Silitetei.

Lakini hili nalo niandike, kwa sababu nimechoka kudanganya. Bado ninakasirika kwamba ulinificha. Mama aliomba, ndiyo, lakini mtu anayesahau kwamba mumewe amekufa hakupaswa kuachiwa kuamua nani ajue. Ungevunja kiapo hicho siku ya kwanza. Mtoto wako angekuwa na watu wawili wa kumlinda badala ya mmoja.

Mama amepata nafuu. Homa imeshuka, anakula. Jumapili asubuhi nilikuwa namchana nywele akageuka akaniangalia vizuri. Akasema, "Nelvine, mbona umekonda hivi? Mume wako hakulishi?" Esnah, mume wangu aliniacha miaka sita iliyopita, lakini nilifurahi hata nikamwambia atanilisha. Nilimweleza habari za ndama. Akauliza ana alama gani usoni. Sikujua.

Nikamwambia, "Mama, daktari anakuruhusu wiki hii. Nitachukua msichana wa kukaa nawe nikiwa dukani. Utakuwa na chumba chako." Akatikisa kichwa. Akasema, "Nipeleke kwa Esnah."

Nikamwambia, "Unataka kusema nyumbani. Kabianga."

Akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa mdogo nikijifanya sijasikia. Akasema, "Nimesema kwa Esnah."

Nikauliza kwa nini hakuniambia anaumwa. Akasema, "Wewe ukiona kitu kimeharibika, unakikata upya. Mimi sikutaka kukatwa." Kisha macho yakabadilika, akaniuliza kama mimi ndiye nesi.

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Mkono wangu haukutaka, lakini ni yako, uliyafanyia kazi.

Wanamtoa Ijumaa, nitakaa naye kwangu usiku mmoja, Jumamosi tunakuja. Nimefunga duka wiki mbili. Mwalimu mkuu mmoja amekasirika kwa sababu ya sare zake, atangoja. Nataka kukaa naye hapo, kama utaniruhusu. Nimeandika "kama utaniruhusu" na sitaifuta.

Nelvine


Kabianga
Ijumaa, 6 Juni 2025

Nelvine,

Njooni Jumamosi. Mpite barabara ya juu, ile ya chini baada ya kituo imekatika kwa mvua na gari litakwama.

Kuhusu kiapo, labda una haki. Nimelifikiria tangu Jumanne na sijapata jibu. Lakini usilirudie mbele ya Mama, wala mbele ya watoto, wala mbele ya Nicholas. Nicholas mwenyewe mwambie asije mwezi huu.

Nisipokushika mkono mlangoni usishangae. Bado nina hasira, na sijui itaisha lini. Chakula kitakuwepo na kitanda nimekitandika chumbani kwa Mama. Anaamka kabla ya kuku. Atakuuliza wewe ni nani. Mwambie jina lako tu, usimweleze mambo mengi, usilie mbele yake, anadhani kuna mtu amekufa.

Leta viatu vya matope na sketi ya kuchafuka. Tukishakamua tutaingia bustanini sote watatu. Miche ya sukuma ndiyo kwanza imeshika, na yeye anaing'oa akidhani ni magugu, tuta zima. Usimkemee, wala usimshike mkono. Acha ang'oe. Mkimaliza mstari, akigeuka upande wa pili, wewe rudi nyuma yake taratibu, uchukue mche mmoja mmoja, uurudishe shimoni, ukandamize udongo kwa vidole. Mingi inashika tena.

Esnah